Shajara ya mradi: kupanga foleni ya Wi-Fi katika nyumba ya mawe

Jumatatu

Nyumba ya ghorofa tatu, Mji Mkongwe, Unguja. Chini mapokezi, katikati vyumba tisa vya wageni, juu kabisa darini wamepanga walimu wanne wanaofundisha Kiswahili kwa video. Wanafunzi wao wako Ulaya na Marekani, kwa hiyo darasa haliwezi kuwa asubuhi. Saa 2 usiku kwetu ni saa 12 jioni Ujerumani wakati wa baridi, na New York ndiyo kwanza saa 6 mchana. Laini ya intaneti ni moja kwa nyumba nzima.

Nimeitwa niipe sauti yao kipaumbele kwenye Wi-Fi. Malalamiko: kila siku baada ya magharibi sauti inakatika. Mwalimu mmoja kanieleza hivi: "Nilisema kitabu, vitabu. Kitabu kikafika, vitabu havikufika." Akacheka, lakini kapoteza wanafunzi wawili mwezi huu na hilo halichekeshi.

Mwenye nyumba ameshashauriwa anunue kasi kubwa zaidi. Amekataa kwa sababu ya bei. Mimi nimemwambia asubiri kwa sababu bado hakuna aliyepima kitu.

Vipimo vya leo. Laini inashusha megabiti 30 kwa sekunde na kupandisha 6. Saa 5 asubuhi, wageni wakiwa baharini, ping ya kutoka darini hadi nje, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, inachukua milisekunde 40 hivi. Saa 2 usiku ikawa kati ya 700 na 1,400. Nikachomoa laptopu kwenye Wi-Fi, nikaiunga kwa waya moja kwa moja kwenye ruta. Matokeo yaleyale. Kwa hiyo ile "Wi-Fi mbovu" iliyoandikwa kwenye karatasi ya kazi imesingiziwa, walau nusu.

Nikakaa mapokezi kuangalia grafu. Kila kundi la wageni likirudi kutoka Forodhani na kuingia mlangoni, mstari wa kupandisha unaruka hadi 6 na kung'ang'ania pale. Simu zikishaona Wi-Fi zinaanza kupeleka picha za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwenye simu hata hajui, keshaenda kuoga.

Hesabu ya foleni: megabiti 6 kwa sekunde, ukichelewa sekunde moja, maana yake kuna kilobaiti 750 zimejipanga mahali zikisubiri kutoka. Hizo ni kama pakiti (vipande vya data) 500 kubwa. Sauti ya simu ya intaneti kwa kawaida inatuma pakiti ndogo kila milisekunde 20, na kila moja inafika mkiani mwa hizo 500. Jim Gettys ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la bufferbloat: modemu yenye kumbukumbu kubwa kupita kiasi inapokea kila kitu, haimwambii mtu kwamba njia imejaa. Ingetupa pakiti mbili tatu mapema, simu zingepunguza mwendo zenyewe.

Jumanne

Nimezunguka nyumba na laptopu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine unene wake unazidi nusu mita. Dari ni boriti. Mawimbi ya gigahezi 5 yanakufa ukutani, ya 2.4 yanapita yakiwa hoi.

Darini hakuna waya. Aliyetangulia aliweka ripita kwenye ngazi, yaani kifaa kinachopokea kwa redio na kutoa tena kwa redio ileile. Kila pakiti inasafiri hewani mara mbili kwenye chaneli moja. Nimeitoa. Lakini kutoboa ukuta wa nje hapa hakuanzwi kwa nyundo: Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, ukitaka kugusa uso wa nyumba unahitaji kibali. Nimepitisha kebo ndani, kwenye ua wa katikati, kutoka mapokezi hadi darini, nikaifunga sambamba na bomba la maji. Saa nne za kazi na jasho. Kebo hii moja ina faida kuliko mipangilio yote nitakayoandika hapa chini, basi ieleweke hivyo tangu sasa.

Nikafungua mipangilio ya akses pointi ya darini, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi. WMM imezimwa! Nikatazama orodha ya vifaa kwa `iw dev wlan0 station dump`, na hakuna kifaa kinachovuka megabiti 54. Ndivyo inavyokuwa. WMM ni ule utaratibu wa Wi-Fi wa kugawa pakiti katika makundi manne: sauti, video, kawaida na nyuma. Kiwango cha 802.11n na vilivyofuata vinaitaka iwe imewashwa. Ukiizima, kifaa kinarudi kwenye mwendo wa zamani ambao kilele chake ni 54. Kuna ushauri wa kale unaozunguka kwamba ukizima WMM mtandao unakuwa mwepesi. Nadhani fundi mwenzangu aliufuata kwa nia njema.

Nimewasha. Laptopu iliyo mita tatu kutoka kwenye akses pointi ikaruka kutoka 54 hadi 300 na ushei.

Usiku: bado inakatika. Nilitegemea hivyo, foleni ya modemu haijaguswa.

Jumatano

Siku ndefu.

Modemu ya kampuni ya intaneti siwezi kuiingilia. Dawa ni kuifanya isipate foleni kabisa: ruta yetu, inayotumia OpenWrt, mfumo wa ruta uliojengwa juu ya Linux, itoe data polepole kidogo kuliko uwezo wa laini. Hapo msongamano unahamia kwenye ruta, na ruta ni yetu, tunaweza kuipanga. Nimeweka SQM, kifurushi cha programu cha kusimamia foleni, na kipanga foleni kinachoitwa CAKE. Kimo ndani ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, kwa hiyo si kitu cha majaribio.

Namba nilizoweka: kushusha megabiti 25, kupandisha 5. Ni kama asilimia 83 ya laini. Nikaanza kupandisha faili kubwa, nikapiga ping.

Milisekunde 900.

Nikashusha kupandisha hadi 4. Mia tisa. Nikashusha hadi 2, na kipimo cha kasi bado kinaniambia napandisha 6! Hapo nikajua CAKE haioni kitu. `tc -s qdisc show dev wan` ikathibitisha: kaunta za pakiti hazisogei. Nimepoteza saa moja na nusu kabla ya kukumbuka mahali pa kutazama, nikiwa na chai iliyopoa. Kwenye ukurasa wa faiwoli kulikuwa kumewekwa tiki kwenye kuhamishia kazi kwa chipu. Ikiwashwa hiyo, pakiti za muunganisho uliokwisha kutambuliwa zinapita njia ya mkato ndani ya chipu, haziji kwa prosesa, na foleni zote za Linux zinarukwa. Ni nzuri kwa mwenye laini ya gigabiti. Kwa laini ya megabiti 30 haina kazi yoyote.

Nimeondoa tiki. Ping wakati wa kupandisha faili: 44, 47, 52, 45.

Niseme pia CAKE inafanya nini, kwa sababu mwenye nyumba ameniuliza na jibu langu la kwanza halikumwingia. Foleni ya modemu ni kama ya benki yenye dirisha moja: aliyekuja na gunia la sarafu akitangulia, wote mnangoja gunia lihesabiwe. CAKE inampa kila mtu mstari wake, na karani anachukua karatasi moja kutoka kila mstari kwa zamu. Mwenye karatasi moja hamsubiri mwenye gunia. Hapo akaelewa, akaongeza mwenyewe: "Na mwenye magunia kumi asiseme yeye ni watu kumi." Kweli kabisa, na kuna maneno yake. Nimeweka `nat dual-srchost` upande wa kupandisha na `nat dual-dsthost` upande wa kushusha, ili mgao uwe kwanza kwa kifaa, kisha kwa miunganisho ndani ya kifaa. Bila neno `nat`, CAKE inaona anwani moja tu ya ruta na kudhani nyumba nzima ni mtu mmoja.

Kosa jingine langu: 25 na 5 nilizipata kwa kupima asubuhi. Saa 2:30 usiku laini yenyewe ilishuka, kushusha ikawa 21 au 22, na foleni ikarudi kwa modemu. Nimepima upya katika saa mbaya na kuweka 19 na 4.5. Mwenye nyumba hakupenda kusikia kwamba nimempunguzia kasi anayoilipia. Nikamwonyesha ping ya kabla na ya baada. Akanyamaza, akaenda zake kusali isha.

Saa 3 usiku mwalimu mmoja kateremka kuuliza: "Fundi, mmelipia kasi mpya?"

Alhamisi

Walimu watatu wamepona. Wa nne bado. Laptopu yake ni ya zamani, ina redio ya 2.4 tu.

Nikatazama chaneli anayotumia. Kwenye orodha ya vifaa vya akses pointi ya darini kuna simu moja yenye nguvu ya mawimbi ya -84 (kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo mawimbi yalivyo dhaifu) na mwendo wa megabiti 1. Moja! Nikaizungukia nyumba nzima nikiitafuta. Ilikuwa mfukoni mwa mlinzi, kibarazani, akisikiliza redio ya mtandaoni. Jioni hupanda darini kufunga madirisha, simu inashika akses pointi ya juu, anashuka nayo hadi mlangoni na simu haitaki kuiachia ingawa ya mapokezi iko nyuma ya mgongo wake.

Ukiangalia data anazotumia, si kitu. Redio ya kilobiti 128 kwa sekunde ni tone. Lakini hewani kinachogawanywa ni muda. Pakiti ya baiti 1,500 kwa mwendo wa megabiti 1 inaikalia hewa milisekunde 12, na wakati huo wote waliomo kwenye chaneli wananyamaza. Pakiti hiyohiyo kwa megabiti 54 inachukua robo ya milisekunde au chini. Kilobiti 128 kwa mwendo wa 1 ni zaidi ya asilimia 12 ya muda wote wa hewani, na hapo sijahesabu pakiti zinazorudiwa kwa kupotea, ambazo kwa -84 ni nyingi. Kipaumbele cha sauti hakisaidii hapa. Pakiti ikishaanza kurushwa hakuna wa kuikatiza, hata awe na daraja gani.

Nilichofanya: nimeondoa mwendo wa zamani wa 802.11b, yaani 1, 2, 5.5 na 11, kiwango cha chini sasa ni 6. Simu ya mlinzi ikaachia ya darini na kushika ya mapokezi kwa -52. Redio yake haijakatika hata mara moja, na mimi nimeahidi kutomwambia mtu anasikiliza stesheni gani saa za kazi.

Dereva ya mt76, programu inayoendesha redio za akses pointi hizi, inajua kugawa muda wa hewani kwa haki, na foleni zake za ndani zinatumia fq_codel, mpango wa zamu kama ule wa CAKE, kwa hiyo upande wa kutoka akses pointi kwenda kwa simu uko salama kiasi. Upande wa simu kwenda akses pointi kila simu inaamua yenyewe, na huko mkono wangu haufiki sana.

Jingine: nyumba ilikuwa na majina manne ya mtandao kwenye redio moja. Wageni, ofisi, walimu, na la nne ambalo hakuna anayekumbuka la nini. Kila jina linapiga kelele zake za kujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, kwa mwendo wa chini kabisa unaoruhusiwa. Na mtu akidhani jina la peke yake ni barabara ya peke yake, anajidanganya: chaneli ni ileile, hewa ni ileile. Nimebakisha mawili. Chaneli za 2.4 nimezitenganisha, chini 1, juu 11.

Mwalimu wa nne amefundisha dakika 50 bila kukatika. Nimemwambia hata hivyo anunue adapta ya USB yenye gigahezi 5.

Ijumaa

Umeme ulikatika kuanzia saa 3 asubuhi hadi baada ya sala. Nimetumia muda huo kuandika lebo za kebo. Uliporudi, kila kitu kikaja chenyewe, SQM ikiwemo. Sikufanya zaidi.

Jumamosi

Leo ndiyo kazi niliyoitiwa kwa jina lake: vipaumbele. Nimeiacha mwisho kwa makusudi.

Kila pakiti ya IP ina nafasi ya alama iitwayo DSCP, namba kati ya 0 na 63. Sauti kwa desturi hupewa 46. Wi-Fi nayo ina daraja zake kuanzia 0 hadi 7, ambapo 6 na 7 ni kundi la sauti, 4 na 5 ni video, 0 na 3 ni kawaida, 1 na 2 ni nyuma. Mtu angedhani 46 inakwenda kwenye kundi la sauti bila maneno. Haiendi. Vifaa vingi huchukua biti tatu za mbele tu: 46 kwa mfumo wa mbili ni 101110, biti tatu za mbele ni 101, yaani 5. Sauti imetua kwenye video. RFC 8325, hati ya viwango vya intaneti ya mwaka 2018, iliandikwa kwa ajili ya kunyoosha mambo ya aina hii, inaelekeza 46 iende daraja la 6. Kwenye hostapd, programu inayoendesha akses pointi, kuna mstari wa `qos_map_set` wa kufanya hivyo. Nimeweka alama za 44 hadi 46 ziende 6.

Nani anaweka alama? Hapa ndipo pagumu. Data zinazotoka nje zinafika zikiwa zimefutwa alama, kwa hiyo lazima ruta iziweke upya. Programu mojawapo wanayotumia walimu ni Zoom, ambayo picha na sauti zake hupita kwenye UDP, njia ya kutuma pakiti bila kungoja majibu, bandari (namba za milango) 8801 hadi 8810 za seva. Nimeandika kanuni ya kuzipa 46 zikielekea kwa laptopu za walimu. Alama hii inasaidia kwenye Wi-Fi tu. CAKE ya upande wa kushusha inaziona pakiti kabla faiwoli haijazigusa, haijui alama yangu. Kuna njia ya kuzungukia hilo kwa kurudisha alama kutoka kwenye kumbukumbu ya miunganisho. Sikuifuata. Mgao wa zamu wa Jumatano unatosha, na kila kanuni ninayoongeza kuna fundi mwingine atakayekuja kuumia kichwa nayo.

Upande wa laptopu: Windows haiiachii programu iweke DSCP itakavyo, inataka sera. Nimeandika sera kwenye mashine nne, nikatazama pakiti kwa Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti: alama ni sifuri. Sababu: mashine isiyo kwenye domeini, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa kwa pamoja, Windows inaipuuza sera hiyo mpaka uongeze kwenye rejista thamani ya "Do not use NLA" iwe 1. Baada ya hapo 46 ikaonekana.

Sasa jaribio. `iperf3`, programu ya kupima mtandao, ya UDP ya kilobiti 100 kwa `-S 0xB8`, ambayo ndiyo 46 ikihamishwa biti mbili, na nyingine isiyo na alama, huku laptopu mbili zikijaza hewa. Bila alama kuyumba kwa muda wa pakiti kufika kulikuwa milisekunde 6 hadi 9. Kwa alama 2 hadi 4. Tofauti ipo na inapimika. Sikio halitaisikia. Ningeanza na hili Jumatatu, ningemaliza wiki nzima nikipaka rangi gari lisilo na injini.

Mwenye nyumba kapanda darini akanikuta. "Fundi, hicho kipaumbele, na televisheni ya mapokezi iwekwe. Siku za mpira."

"Mzee, mpira unajaza akiba ya sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha. Hauhitaji."

"Na simu yangu?"

Nikamweleza. Kundi la sauti linapewa nafasi kwa kusubiri kidogo kabla ya kurusha: kifaa kinachagua namba ya bahati kati ya 0 na 3, basi. Kundi la kawaida linachagua kati ya 0 na 15. Watu wawili wakichagua katika namba nne, mara nyingi wanapishana. Nyumba nzima ikichagua katika namba nne, wanagongana mlangoni kila mara na hakuna anayepita. Akafikiri. "Basi simu yangu tu, televisheni muache." Sikuiweka, na sidhani atagundua.

Jumatatu ya pili

Siku tatu za kupima kila usiku, saa 1 hadi saa 4. Ping ya darini iko chini ya 70 karibu muda wote. Jumamosi saa 3 kasoro laini ilishuka chini ya namba nilizoweka kwa kama dakika kumi na tano, ping ikapanda hadi 300. Kuna skripti ya cake-autorate inayoshusha na kupandisha namba yenyewe kwa kufuata ping. Nimeiweka kwenye ruta ya nyumbani kwangu kwanza, niione wiki mbili kabla ya kuileta hapa.

Yaliyobaki: kibali cha kebo ya pili kuelekea vyumba vya nyuma, adapta ya mwalimu wa nne, ameagiza, kulifuta lile jina la nne kwenye karatasi zilizobandikwa vyumbani. Nakala ya mipangilio nimeichapisha, iko ndani ya kabati la ruta.

Wakati nafunga mkoba, kijana wa mapokezi akaniita. "Kaka, mgeni wa chumba namba 6 analalamika. Anasema picha zake zimechukua usiku kucha kupanda."

"Zimefika?"

Akaenda kuuliza. Akarudi. "Zimefika. Anasema zimefika saa 11 alfajiri."

"Wakati huo alikuwa anafanya nini?"

"Amelala."

Nikamwomba aandike kwenye daftari la malalamiko, tarehe na saa, nami nikaweka sahihi.